Kilobaiti Mia Sita

Watu wa Nyansurura walimwita Stanslaus Werema Injinia wa Vigingi, na hawakumwita hivyo kwa kumtukuza. Jina hilo lilianza mwaka 1995, alipoajiriwa na mpima maji aitwaye Simioni abebe nyaya na kugongelea vigingi vya chuma ardhini. Simioni alipitisha umeme mdogo kutoka kigingi hadi kigingi, akasoma namba kwenye mashine yake, na jioni akaziingiza namba hizo kwenye kompyuta. Kompyuta ilichora picha ya ardhi ilivyo chini kabisa: udongo uko wapi, mwamba uko wapi, na maji yamelala wapi.

Walipima sehemu nne. Katika sehemu ya tatu Stanslaus aligonga kwa nguvu za mtu aliyezoea kazi nzito, kigingi kikakatika, nusu yake ikabaki chini. Watu waliokuwa wakitazama walicheka hadi wakashika mbavu. Kabla ya michoro kuchapwa, Simioni aliugua, akapelekwa Mwanza, na hakurudi. Mradi ukafa pamoja naye. Kilichobaki Nyansurura ni kompyuta yenyewe, kitabu kinene cha Kiingereza, na lile jina la Injinia wa Vigingi.

Stanslaus hakuiacha kompyuta ioze. Ilikaa kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji, imefunikwa kanga kuukuu ya mke wake, na kila Jumamosi mchana aliifuta vumbi, akaiwasha, akaikumbusha tarehe, maana betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kisha akaizima. Alikuwa amejifunza Kiingereza katika darasa la jioni la watu wazima pale Mugumu, enzi za ujana wake, alipokuwa akishinda mnadani akipakia ng'ombe kwenye malori. Aliingia darasani ananuka mavi ya ng'ombe na alitoka na cheti. Cheti hicho kilikuwa bado ukutani kwake, ndani ya kioo.

Jumatatu moja asubuhi, Stanslaus akiwa na miaka sabini na mmoja, injinia wa maji wa wilaya alifika kwa pikipiki. Aliitwa Irine, binti wa Tarime, mrefu, asiye na maneno mengi. Kamati ya maji ilimsubiri mbele ya ofisi, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bernadetha, mke wa Stanslaus.

"Mtambo wa kuchimba unapita hapa Alhamisi," Irine alisema. "Mmepewa shimo moja. Likitoka na maji, vizuri. Likiwa kavu, mtambo unaendelea na safari, na zamu yenu itarudi sijui lini. Labda miaka mitano."

"Na chombo cha kupimia?" Bernadetha aliuliza.

"Kimeharibika, mama. Kiko Mwanza kwa mafundi, wiki tatu sasa. Kwa hiyo nawauliza ninyi wenyeji. Wapi?"

Kijiji kilikuwa kimeshachimba mara mbili. Shimo la kwanza lilitoa vumbi. La pili lilitoa maji ya chumvi ambayo hata punda waliyakataa. Tangu hapo kinamama waliendelea kushuka mtoni na punda wao, kwenda na kurudi kwa muda wa saa tatu, na wakati wa kiangazi muda wa saa nne.

Nchagwa, mzee wa rika moja na Stanslaus, alisafisha koo. "Pale langoni kwangu majani ni mabichi mwaka mzima. Hiyo ni dalili."

"Ni dalili kwamba mbuzi wako wanakojoa hapo," Bernadetha alisema, na watu wakacheka.

Stanslaus akasimama. "Vipimo vipo," alisema. "Sehemu nne. Vimo kwenye kompyuta ya marehemu Simioni."

"Mura, mwenzangu, kompyuta ile?" Nchagwa aligeuka kumtazama. "Ile kuku walitagia mwaka jana?"

"Kuku mmoja. Na alitaga juu ya kiti."

Irine hakucheka. Aliomba aoneshwe.

Walipoondoa kanga na kuiwasha, mashine ilinguruma kama mtu anayeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe, hakuna picha wala rangi. Stanslaus aliandika jina la programu ya vipimo, polepole, kwa vidole viwili. Programu ilijibu kwa mstari mmoja wa Kiingereza, nao Irine akausoma kwa sauti kwa Kiswahili: kumbukumbu haitoshi, zinatakiwa kilobaiti 600, zilizopo ni 551.

"Ndipo Simioni alipokwama," Stanslaus alisema. "Mwanzo ilifungua sehemu moja moja. Diski ilipojaa, aliibana ili ichukue vingi, akaweka sehemu zote nne katika faili moja. Siku iliyofuata ikaanza kusema hivi. Aliniambia, nikirudi nitapanga kumbukumbu."

Irine alijaribu njia zake. Alitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake ya mkononi, akaona faili moja kubwa iliyobanwa isiyosomeka. Akaambiwa pia kuhusu kufuli: kidubwasha kama kiberiti kilichochomekwa nyuma ya mashine, na bila hicho programu haifunguki, wala kompyuta yake haikuwa na tundu la kukichomeka. Alirudisha diski mahali pake na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mzee, nisikudanganye. Hii mashine imenizidi umri. Chuoni hawakutufundisha. Wewe unaijua?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu aliyetaka jibu. "Nina kitabu," alisema.

"Basi nitakuja keshokutwa saa tisa mchana. Ukiwa na mchoro, tutachimba mchoro unaposema. Usipokuwa nao, nitaweka alama langoni kwa mzee Nchagwa, maana lazima niweke alama mahali. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Jumanne alfajiri Stanslaus alichukua kitabu, kamusi, kalamu na daftari, akajifungia chumba cha nyuma. Jambo lililomtatiza miaka yote halikuwa gumu kulieleza. Mashine ilikuwa na kumbukumbu tele, megabaiti nane, lakini mfumo wake wa zamani ulizitumia kilobaiti mia sita na arobaini za mwanzo tu kama mahali pa kazi. Kila draiva, yaani kiprogramu kidogo kinachoamka mashine inapowaka, ilijikalia hapohapo. Ya kufuli ilikalia kilobaiti tisa. Ya michoro kumi na mbili. Ya kipanya kumi na tano. Ile ya kufungua diski iliyobanwa ilikalia thelathini na nane. Programu ya vipimo ilipofika, ilikuta ukumbi umejaa.

Na wala huwezi kuzifukuza. Bila draiva ya diski, vipimo havisomeki. Bila ya kufuli, programu haifunguki. Kipanya ndicho kilichosogeza mchoro.

Lakini kitabu kilisema juu ya ule ukumbi kuna dari, na kwenye dari kuna nafasi zisizotumika. Ukimwajiri msimamizi wa kumbukumbu, programu iitwayo EMM386, atafungua dari hiyo, na draiva zinaweza kupandishwa huko, ukumbi ukabaki wazi. Kinachotakiwa ni kuhariri faili moja, CONFIG.SYS, ambayo mashine huisoma inapoamka, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini.

Aliandika mstari wa msimamizi. Akasoma mara tatu. Akazima, akawasha.

Mashine ilihesabu kumbukumbu zake, ikaandika mistari miwili, ikanyamaza. Alibonyeza kitufe, kimya. Alibonyeza vyote, kimya. Mkojo ulimbana ghafla, kama wakati ule alipokuwa mtoto na kuacha lango la zizi wazi.

Bernadetha alimkuta amekaa mikono magotini.

"Baba Wegesa, chai imepoa. Umeiua?"

"Sijui."

"Si kitabu kipo? Soma. Ulisoma wakati ule macho yakiwa mekundu kwa moshi wa koroboi, utashindwa leo mchana kweupe?"

Aliondoka na kuacha chai. Stanslaus alisoma. Ukurasa wa sitini na mbili ulisema ukibonyeza F5 mashine inapoanza, itaamka bila kuisoma CONFIG.SYS. Alifanya hivyo na mashine ikaamka, nzima kabisa, na yeye akanywa ile chai baridi kwa mkupuo mmoja.

Katika ukurasa wa sitini na tatu, pembeni, palikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia. Mwandiko wa Simioni, wa kuinama kushoto. *D000 usiguse. Kadi ya vipimo imekaa hapa.*

Alikaa akiutazama mwandiko huo kwa muda. Simioni alikuwa ameshaanza. Alikuwa amefika hapa, kwenye ukurasa huu, kabla ya ugonjwa. Kadi ya vipimo ilikuwa imejenga katikati ya dari, na msimamizi alikuwa amempangia mtu mwingine mahali pale pale. Ndiyo maana mashine ilinyamaza. Stanslaus aliongeza kwenye mstari neno la kumwambia msimamizi aruke eneo hilo la D000. Mashine ikaamka salama. Dari sasa ilikuwa na vyumba viwili, kimoja kila upande wa kadi: kikubwa cha kilobaiti sitini, kidogo cha ishirini na sita.

Sasa kupandisha. Kitabu kilisema mashine hufuata mpangilio wa mistari, basi ilimbidi achague nani atangulie. Kwa hilo hakuhitaji kufikiri sana. Aliorodhesha faili na kusoma tarehe zake. Ya kufuli ilizaliwa 1990. Ya michoro 1991. Ya kipanya 1992. Ya diski 1994. Kwao, kwenye sherehe yoyote, rika la wakubwa hukaa kwanza na kuwekewa kwanza, na kijana anayekalia kiti kabla ya babu yake hurudishwa nyuma mbele za watu. Alizipanga hivyo hivyo, ya 1990 juu, ya 1994 chini, akaridhika kwamba kazi imefanywa kwa adabu.

Akawasha. Kilobaiti 584.

Bado zilipungua kumi na sita kufika mia sita. Aliangalia orodha: zile tatu ndogo zilikuwa zimepanda. Ya diski ilibaki chini ukumbini, imekaa palepale na kilobaiti zake thelathini na nane. Alijaribu tena. 584. Alirudia tarehe, huenda alikosea umri wa mmoja. Hakukosea. Hadi jua linazama, namba ilikuwa 584, na alifunika mashine na kanga akaenda nyumbani bila kumtazama mtu.

Jumatano ilikuwa siku ya mnada. Asubuhi alijaribu mara nne zaidi, kisha akatoka nje kupunga hewa. Lori la mifugo lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara mbele ya ofisi, na Nchagwa alikuwa akisafirisha fahali wake mwekundu pamoja na mbuzi kumi na ndama watatu. Vijana wawili wa lori walikuwa wameshapakia mbuzi na ndama. Sasa walikuwa wakimsukuma fahali kwa nyuma, naye amekaza miguu, kichwa kimeingia na tumbo halitaki.

"Injinia," Nchagwa aliita, "umekuja kutupimia?"

"Nimekuja kuangalia watu wanavyomtesa mnyama. Nani amepakia hivi?"

"Sisi, mzee," kijana mmoja alisema. "Mbuzi ni wepesi, tukaanza nao."

"Na wamekaa wapi hao wepesi? Katikati ya lori, mahali papana. Wakati wa kuingia, fahali anataka nafasi kubwa kuliko atakayolalia. Lazima ageuke. Akishatulia ndipo unamjazia wadogo pembeni, kwenye vinafasi. Wadogo wanaenea popote. Shusheni wote. Fahali kwan..."

Alinyamaza mdomo ukiwa wazi.

"Nini?" Nchagwa alisema. "Moyo?"

Stanslaus aligeuka, akarudi ofisini kwa mwendo ambao watu walikuwa hawajauona kwake tangu Wegesa, bintiye, alipoolewa.

Alifungua kitabu pale alipokuwa amepitia mara tatu bila kuelewa. Draiva, kitabu kilisema, huhitaji nafasi kubwa zaidi inapoingia kuliko inapokuwa imetulia. Na kila moja hutafuta kwanza chumba kikubwa kilicho wazi. Basi draiva ya kilobaiti tisa iliingia chumba kikubwa. Kumi na mbili, chumba hicho hicho. Kumi na tano, hicho hicho. Mbuzi watatu katikati ya lori. Fahali wa thelathini na nane alipofika, chumba kikubwa kilikuwa kimebaki na ishirini na nne, kidogo kina ishirini na sita, na hakuna hata kimoja kilichomwenea.

Alifuta mistari yote minne. Ya diski, ndogo kwa umri na kubwa kwa tumbo, akaiandika ya kwanza. Ikafuata ya kipanya. Ikafuata ya michoro. Mzee wao wote, ya kufuli, akamweka mwisho, na alipomweka alisema kwa sauti ndogo, kama anayemwomba baba yake radhi, "Utanisamehe, tata."

Pikipiki ya Irine ilisimama nje saa tisa kasoro dakika chache. Aliingia na Bernadetha, na nyuma yao Nchagwa, ambaye lori lake lilikuwa limeondoka na ambaye hakutaka kupitwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo naiwasha. Kaa kwenye ndoo."

Mashine ilinguruma. Ilihesabu. Mistari ilipita mmoja mmoja, na Stanslaus aliisoma kimoyomoyo kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia langoni. Aliuliza kumbukumbu iliyopo. Mashine ilijibu: kilobaiti 622.

"Zilitakiwa ngapi?" Bernadetha aliuliza, ingawa alijua. Alikuwa ameisikia namba hiyo hata usingizini mwa mumewe.

"Mia sita."

Aliandika jina la programu. Kioo kilikuwa cheusi kwa kitambo, diski ikikwaruza ndani. Kisha mchoro ukajitokeza, kutoka juu kwenda chini, rangi ya kijani na kahawia, sehemu ya kwanza hadi ya nne, miaka ishirini na tisa baada ya kuulizwa.

Irine aliinuka kwenye ndoo. Alisogeza uso karibu na kioo. Aligusa sehemu ya kwanza kwa kidole.

"Hapa ni wapi?"

"Langoni kwa Nchagwa," Stanslaus alisema. "Ndipo tulipoanza."

"Udongo wa mfinyanzi mita sita, chini mwamba mzima. Majani mabichi ni maji ya juu tu. Tungechimba hapa tungetoa unga." Kidole kilihama. "Ya pili ni chumvi. Ya nne hafifu. Lakini hii ya tatu, mzee. Mwamba umepasuka, kuanzia mita hamsini. Sisemi kuna mto chini, lakini ningekuwa nachimba kwa baba yangu, ningechimba hapa. Unaikumbuka?"

Stanslaus alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Ya tatu? Ya tatu hata Nchagwa anaikumbuka."

Nchagwa alikuna kidevu. "Pale ulipovunja kigingi."

"Pale pale."

Walikwenda wanne, Bernadetha na jembe begani, wakipita nyuma ya shule, wakafuata ua wa mkonge wa shamba la jirani yao Heche hadi kwenye kipande cha ardhi kisicholimwa. Stanslaus alisimama, akatazama kilima, akatazama paa la kanisa, akarudi hatua saba, akasogea mbili kushoto. Irine alisema simu yake ingeweza kutafuta mahali kama mchoro ungekuwa na namba za ramani, lakini haukuwa nazo. Mwaka ule Simioni alihesabu hatua kutoka kwenye ua.

"Hapa," Stanslaus alisema. "Au karibu na hapa."

"Hapa, au karibu na hapa?" Irine aliuliza. "Mtambo hauchimbi karibu."

Nchagwa alimtazama mwenzake, akavua koti, akachukua jembe la Bernadetha. Alichimba mahali Stanslaus aliposimama, kisha kando yake, kisha kando zaidi, akihema. Shimo lilikuwa limemfika magotini na Bernadetha anataka kumpokea, jembe lilipolia kwa sauti kali ya chuma juu ya chuma.

Nchagwa alipiga magoti na kufukua kwa mikono. Nusu ya kigingi ilitokeza, nyekundu kwa kutu, imekatika kichwani.

"Kumbe uliacha makusudi," Nchagwa alisema akiwa bado chini. "Ungetuambia tusikucheke miaka yote hiyo."

"Cheka tu. Leo umelipa kwa jembe."

Irine alitoa kwenye mkoba wake kigingi kipya cha alama, chenye utepe mwekundu. Alitaka kukigonga mwenyewe, akasita, akampa Stanslaus nyundo.

Nchagwa alikuwa hajainuka. Alikishika kigingi kwa mikono miwili, kikiwa wima kando ya kile cha zamani, akageuza uso pembeni.

"Gonga, Injinia," alisema. "Lakini polepole. Hivi vidole navihitaji."

Stanslaus alipima umbali kwa jicho. Bernadetha alikuwa tayari ameshahesabu kwa macho hatua kutoka pale hadi mlangoni kwake, na alikuwa akizihesabu tena ili awe na hakika: mia mbili na kumi, bila punda. Nyundo ilishuka taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, na kigingi kikaingia ardhini kizima.